Kichwa kinanibana kila jioni, nifanyeje?

boda_Ntinda: Jamani naendesha boda hapa Kampala, ikifika saa kumi jioni kichwa kinabana pande zote mpaka shingoni, panado nameza karibu kila siku lakini wapi. Ni malaria au presha?

nesi_Mbale: Pole sana kaka. Kubana pande zote hivyo mara nyingi ni misuli ya shingo na mabega imekaza, ongeza jua, njaa na kukosa maji. Kipandauso chenyewe hudunda, mara nyingi upande mmoja, unasikia kichefuchefu na mwanga hautaki kuuona. Ila hizo panado ndo zinanitia wasiwasi, ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi inapita hivyo, dawa yenyewe inaanza kukuletea maumivu. Malaria usibahatishe, ukiwa na homa kapime, presha nayo wakupime hapo hapo.

mama_Jinja: Na helmeti je? Ikikuachia alama kwenye paji la uso ni ndogo, tafuta saizi yako, lakini usiache kuvaa tafadhali!! Chai ya asubuhi peke yake haitoshi mpaka jioni.

nesi_Mbale: Kweli kabisa mama. Na kikija ghafla kikali kuliko vyote, au shingo ngumu na homa, au mkono unalegea, usingoje kesho, nenda hospitali saa hiyo hiyo.