SASRA, mdhibiti wa sako (vyama vya akiba na mikopo) nchini Kenya, iishie wapi: kwenye uwiano wa mtaji kwa rasilimali, au iingie hadi mkutano mkuu?

Hoja: Sheria ya Sako ya 2008 iliipa SASRA leseni na usimamizi wa sako zinazopokea amana. Kuandikisha chama, kuchunguza fedha zilizoliwa (kifungu cha 58) na kuwatoza waliohusika (kifungu cha 73) kumebaki kwa Kamishna wa Ushirika, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika. Kwa hiyo mdhibiti asimamie uwiano, na gawio awaachie wanachama. Pesa ni zao.

Jibu la 1: Ndugu, gawio ndilo linaloubomoa huo uwiano. Chukua sako yenye rasilimali za bilioni 1 na mtaji wa msingi wa milioni 110, yaani asilimia 11. Kiwango cha chini ni 10. Mikopo ya milioni 40 ikwame. Ikipita siku 30 bila kulipwa, inatengewa asilimia 25, yaani milioni 10 zinakatwa kwenye mtaji kufidia hasara. Ikipita siku 180, asilimia 50. Ikipita 360, yote. Hapo mtaji umebaki milioni 70 na uwiano ni kama asilimia 7.3.

Sasa tazama ujanja wenyewe. Meneja anampa mdaiwa mkopo mpya wa kufuta ule wa zamani. Kwenye vitabu deni linasomeka kama linalolipwa vizuri, linatengewa asilimia 1 tu, na ziada inajitokeza. Mkutano mkuu unapigia kura ziada ambayo haipo. Pesa taslimu hakuna, basi chama kinakopa benki ili kilipe gawio. Wanachama hawakuamua lolote hapo. Waliletewa hesabu za uongo wakanyoosha mikono. Ndiyo maana mdhibiti lazima azione hesabu zilizokaguliwa kabla hazijafika ukumbini.

Jibu la 2: Kuziona, sawa. Lakini akishasema "tengeni milioni 40", aishie hapo. Asilimia ya gawio itokane na kilichobaki, na wanachama ndio waipange. Kuchuja wagombea wa bodi kwa vigezo vilivyoandikwa nakubali pia. Kuwachagulia viongozi, hapana.

Jibu la 3: Mnazungumzia vyama vikubwa tu. Kanuni za 2020 zilizivuta chini ya SASRA sako zisizopokea amana za kutolewa papo hapo, lakini ni zile tu ambazo akiba yake inazidi milioni 100, au zinazosajili wanachama kidijitali au walioko ughaibuni. Yenye milioni 90 inabaki kwa Kamishna, ingawa ujanja wa kufufua mikopo iliyokufa ni uleule.

Jibu la 1: Kweli, na huko kamati ya usimamizi, ile inayochaguliwa na wanachama kuikagua bodi, ndiyo jicho la kwanza. Iombe orodha ya mikopo iliyolipwa kwa mkopo mwingine ndani ya miezi 12, ilinganishe na tarehe za malipo halisi ya mdaiwa. Bodi ikikataa kuitoa, lipelekeni jambo hilo kwa Kamishna kabla ya mkutano mkuu; gawio likishaingia mifukoni halirudi.