Mrejesho: maboga makubwa, Njoro

Wakuu, niliwauliza nifanyeje na maboga yangu ya aina ya Atlantic Giant, maana mvua ilikuwa haikatiki na vitumba vya kike vilikuwa vinaoza kabla ya kushika tunda. Asanteni sana.

Aliyesema nichavushe kwa mkono (nipake chavua ya ua dume kwenye ua jike) asubuhi mapema, kisha nifunge ua lisiingie maji, Mungu akubariki: yalishika! Nikabakiza boga moja kwa kila mmea, nikaliwekea mchanga chini ili lisioze tako. Hilo nalo limefaa.

Magadi kwa ukungu mweupe wa majani yalisaidia kidogo tu, ulirudi. Halafu mvua ya mawe ikachana majani, boga moja likapasuka karibu na kikonyo. Lililobaki limefika kilo 43. Mwenye mvua kama yetu, aanze na kufunga ua.