MJADALA: Mtoto wa Kasulu na wa Burundi, nani anasoma vizuri zaidi?

Mleta mada, Ujiji: Wakuu, jana nilibanwa kijiwe cha kahawa. Mmoja kasema mtihani wa SACMEQ (upimaji wa pamoja wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika) wa 2007, darasa la sita, Tanzania Bara ilipata alama 578 kwenye kusoma, Kenya 543. Mwingine akadakia kwamba Burundi iliongoza darasa la pili kati ya nchi 10 za PASEC (upimaji kama huo wa nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa) mwaka 2014, kwa hiyo inatupita. Nani mkweli?

Mwalimu, Kasulu: Wa pili kapotea kabisa. Kila kundi lilijiwekea wastani wake wa 500, kwa nchi zake. Kuna gunia na kuna lumbesa lililojazwa kupita kiasi, yote yanaitwa gunia. Bila maswali ya pamoja, au watoto waliofanya mitihani yote miwili, huwezi kuziunganisha. Wa kwanza naye asitambe: kwenye hesabu Kenya 557, sisi 553.

Bibi wa Manyovu: Mwalimu, na lugha je? Wetu walipimwa kwa Kiswahili, wa Kenya kwa Kiingereza. Hao wa Burundi darasa la pili walipimwa kwa Kirundi, cha nyumbani kwao. Mjukuu wangu nyumbani ni Kiha kitupu, na Kiha na Kirundi tunasikilizana. Mpimeni kwa Kiha muone!

Mwalimu, Kasulu: Shikamoo bibi, hapo umegonga penyewe. Nchi ni kapu tu. Mtoto yuko ndani ya shule, shule ndani ya nchi, na tofauti nyingine zimo ndani ya shule hiyohiyo moja. Hesabu lazima itenganishe ngazi hizo. SACMEQ ilipima wanafunzi zaidi ya 60,000, watu wakaona ushahidi ni mzito. Lakini ukiuliza sera ya nchi ina athari gani, una mifumo 15 tu ya elimu ya kulinganisha, si 60,000. Tena walioacha shule kabla ya darasa la sita hawamo.

Kijana wa Mwanga: Kwa hiyo tusilinganishe chochote? Huo ujanja wa walimu kukwepa lawama.

Mwalimu, Kasulu: Linganisha, kijana. Chukua wa Kiha na wa Kirundi, darasa moja, maswali yaleyale kila mmoja kwa lugha ya nyumbani, na nyumba zenye hali zinazofanana. Hapo nitakaa nikusikilize.

Bibi wa Manyovu: Marahaba mwanangu. Na tafsiri nani ataikagua?