Mjadala: Kampuni mama za Uingereza zishitakiwe London kwa madhara yaliyotokea Afrika, au kesi zibaki nyumbani?

Mto Mara (mleta mada)

Novemba 14, 2025 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba kampuni ya madini ya BHP inawajibika kwa kupasuka kwa bwawa la Fundão, Mariana, nchini Brazil. Bwawa hilo la mabaki ya mgodi lilipasuka Novemba 5, 2015, likaua watu 19 na kumwaga tope hadi mto Doce. Mwenye bwawa ni Samarco, kampuni ambayo BHP na Vale wanaimiliki nusu kwa nusu. Jaji O'Farrell alitumia sheria ya Brazil, siyo ya Uingereza. Wadai ni zaidi ya 600,000, na fidia itapimwa katika hatua ya pili.

Wengi tuliipita habari hii kwa kuwa ni ya Brazil, ila inatugusa. Wanakijiji wa North Mara, Tarime, walifungua kesi London mwaka 2013 dhidi ya kampuni ya dhahabu ya African Barrick Gold na kampuni yake ya mgodi kuhusu watu waliouawa na kujeruhiwa mgodini, ikamalizwa kwa maridhiano mwaka 2015. Kesi za wakazi wa karibu na mashamba ya Kakuzi, Kenya, zilimalizwa mwaka 2021 baada ya Camellia, kampuni mama ya Kakuzi iliyoko Uingereza, kukubali kulipa hadi pauni milioni 4.6.

Msimamo wangu ni huu: kama maamuzi yanafanyika London na faida inaishia London, kampuni mama ijibu London. Karatasi zinazoonyesha nani aliamua nini ziko huko, na mahakama ya huko ndiyo yenye meno ya kulazimisha zitolewe.

Majani Chai

Mkuu, naheshimu hoja yako lakini napinga. Kila tukipeleka kesi kubwa nje, majaji wetu wanabaki na kesi za mipaka ya mashamba. Angalia mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Watu waliathirika na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatoa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Hiyo ni sheria yetu, imejengwa na mawakili wetu, na mtaa mwingine wowote wenye sumu unaweza kuitumia kesho. Suluhu ya London huwa haiachi hukumu yoyote nyuma. Kampuni inalipa bila kukiri kosa, basi.

Na hata nje mlango haufunguki kila mara. Novemba 2024 mahakama ya Ontario, Kanada, ilisema kesi ya North Mara dhidi ya Barrick mahali pake ni Tanzania.

Wakili Pwani

Tuweke sheria mezani kwanza, maana watu wanachanganya maswali mawili: je, mahakama ya London ina mamlaka, na je, kampuni mama ilikuwa na wajibu kwa wale watu?

Mamlaka. Kampuni iliyosajiliwa Uingereza unaipelekea hati ya madai pale pale bila kuomba ruhusa ya mtu. Kampuni tanzu, yaani ile inayomilikiwa na kampuni mama, iliyoko Afrika unaiunganisha kama mhusika wa lazima, na hapo ruhusa ya mahakama inahitajika. Wadaiwa wakitaka kupinga mamlaka wana siku 14 baada ya kukiri kupokea hati. Kuanzia 2005 hadi mwisho wa 2020 sheria ya Ulaya iliwazuia majaji wa Uingereza kukataa kesi dhidi ya kampuni ya nyumbani kwa sababu tu kuna mahakama nyingine inayofaa zaidi. Baada ya Brexit kizuizi hicho kimeondoka, na leo wadaiwa wanaitumia tena hoja hiyo. Katika kesi ya Dyson, kampuni ya vifaa vya nyumbani, wafanyakazi kutoka Nepal na Bangladesh waliolalamikia mazingira ya kazi katika viwanda vya Malaysia walishindwa hatua ya kwanza mwaka 2023. Mahakama ya Rufani ikawarudishia kesi Desemba 2024, kwa sababu mbili zilizo wazi: sera zilizolalamikiwa zilitungwa Uingereza, na Malaysia wasingeweza kusimama sawa na kampuni kwa upande wa fedha na mawakili.

Wajibu. Hapa kesi inayoongoza ni ya kampuni ya madini ya Vedanta, Aprili 2019, ya wanakijiji zaidi ya 1,800 wa Chingola, Zambia, waliosema maji yao yalichafuliwa na mgodi wa shaba wa Nchanga. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kumiliki hisa peke yake hakuleti wajibu. Kinachotafutwa ni kama kampuni mama iliingia katika uendeshaji: ilishika usukani yenyewe, au ilitoa sera zenye kasoro, au ilitoa sera nzuri kisha ikafundisha na kusimamia utekelezaji wake, au ilitangaza hadharani kwamba inasimamia hata kama haisimamii. Vedanta ilibanwa na ripoti yake yenyewe ya uendelevu.

Linganisha na Unilever. Wadai 218 walioshambuliwa kwenye mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, baada ya uchaguzi wa 2007 walishindwa mwaka 2018, kwa sababu ushahidi ulionyesha kampuni tanzu ilijipangia yenyewe namna ya kukabili hatari. Madhara yalikuwa makubwa, karatasi zikakosekana.

Mto Mara

Wakili msomi, hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mfanyakazi wa Kericho angezipata wapi karatasi za bodi ya London kabla ya kufungua kesi?

Wakili Pwani

Swali zuri, na Mahakama ya Juu ililijibu Februari 2021 katika kesi ya Shell ya wakazi wa Ogale na Bille, Nigeria: katika hatua ya mamlaka jaji asiendeshe kesi nzima kwa mlango wa nyuma, maana nyaraka za ndani bado hazijatolewa. Mdai anahitaji hoja yenye mashiko tu.

Kabla ya hapo anza na vya bure. Daftari la makampuni la Uingereza, Companies House, liko mtandaoni bila malipo. Pakua hesabu za mwaka, orodha ya wakurugenzi, na jina la anayedhibiti kampuni. Kisha chukua ripoti za mwaka za tovuti ya kampuni za miaka mitano kabla ya tukio. Tafuta nani anaidhinisha bajeti ya usalama, nani anapokea taarifa za ajali, na kama mkurugenzi mmoja anakaa kwenye bodi zote mbili. Pakua mapema, kwa sababu tovuti hubadilishwa kesi ikinukia.

Nyaraka

Naongeza upande wa mashinani, maana kesi nyingi zinaharibikia huku kabla hazijafika London.

Maelezo ya shahidi yanatakiwa yaandikwe kwa lugha ya shahidi mwenyewe, kisha yatafsiriwe, na mfasiri athibitishe tafsiri yake kwa saini. Watu wanakosea hapa kila siku. Mzee wa Nyamongo, jirani na mgodi wa North Mara, anayeongea Kikurya anaandikiwa maelezo kwa Kiswahili cha ofisini, anaweka dole gumba. Akihojiwa na wakili wa mdaiwa hajui hata neno "athari" lililoandikwa kwenye ukurasa wake, na shahidi mkweli anaonekana mwongo. Andika Kikurya, msomee Kikurya, na kila mtu aandikiwe peke yake. Maelezo 40 yenye sentensi zinazofanana ni zawadi kwa upande wa pili.

Kama ni maji, chukua sampuli mbili kila mara: moja juu ya mgodi, moja chini yake. Bila ile ya juu kampuni itasema madini yako kwenye mwamba tangu asili. Ukipima metali, chupa iwe ya plastiki safi, itiwe tindikali ya nitriki hadi pH (kipimo cha uchachu) ishuke chini ya 2, na kwenye lebo kuwe na tarehe, saa, mahali kwa GPS na majina ya wawili walioshuhudia. Kila anayeipokea chupa hadi maabara asaini. Saini moja ikikosekana katikati, matokeo yote yanazua ubishi.

Na msidhani video inatatua kila kitu. Shahidi akitoa ushahidi London akiwa amekaa Musoma, lazima kwanza ijulikane kama serikali ya nchi alipo inaruhusu. Hilo liulizwe miezi kabla, siyo wiki ya kusikilizwa.

Majani Chai

Ahsanteni, haya yote yanathibitisha wasiwasi wangu. Hizo gharama nani anazibeba? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kesi ya Trafigura, kampuni ya biashara ya mafuta, ya taka zilizomwagwa Abidjan, Ivory Coast, ilimalizwa mwaka 2009 kwa pauni milioni 30 kwa watu wapatao 30,000, kama pauni 1,000 kwa mtu. Mawakili wao waliwasilisha gharama za pauni milioni 105 hivi. Fedha za fidia zikawekwa benki Abidjan, kikundi kilichojiita chama cha waathirika kikajitokeza kuzidai, na maelfu hawakupata chochote. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya London ikasema mawakili walizembea kuzipeleka huko.

Halafu kuna kampuni ya chai ya Finlay. Wachuma chai wa Kericho walishitaki Scotland kwa maumivu ya mgongo na viungo, kwa kuwa kampuni imesajiliwa Aberdeen. Novemba 2023 mahakama ya rufani ya Edinburgh iliisimamisha kesi ili kwanza zifuatwe taratibu za Kenya za fidia ya majeraha kazini. Sheria yetu ya 2007 inampeleka mfanyakazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu ya Kenya iliihalalisha mwaka 2019. Miaka imekwenda bure.

Wakili Pwani

La Trafigura ni kweli na linauma. Dawa yake ni masharti ndani ya mkataba wa suluhu: malipo yaende kwa kila mdai moja kwa moja, benki au simu, baada ya kuthibitisha kitambulisho, na fedha zisitoke Uingereza hadi orodha ikaguliwe. Mkikubali "kamati" ipokee kwa niaba yenu, mmeshapotea.

Kuhusu gharama, tofautisha madai ya kuumia mwili na madai ya ardhi au mali. Tangu Aprili 2013 mdai wa jeraha la mwili akishindwa Uingereza kwa kawaida halipi gharama za mshindi, isipokuwa alidanganya. Akishinda, wakili anaweza kumkata asilimia isiyozidi 25 ya fidia ya maumivu na hasara iliyokwishapita, lakini fedha za matibabu ya baadaye haziguswi. Madai ya shamba hayana kinga hiyo. Pia kiwango cha fidia kinapimwa kwa sheria ya nchi ya tukio, wakati mawakili wanalipwa kwa bei za London. Ndiyo maana kesi ya watu 20 wenye hasara ndogo haichukuliwi na mtu.

Hata hivyo, bwana Majani Chai, Kenya kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mkataba wa kumlipa wakili akishinda tu. Mchuma chai asiye na akiba analipaje wakili Nairobi kupambana na kampuni ya kimataifa? Kifungu hicho kikirekebishwa, nusu ya sababu ya kwenda London inaondoka. Majaji wa Vedanta walisema hivyo hivyo kuhusu Zambia: mahali panapofaa ni Zambia, ila wadai wasingepata haki huko bila fedha na bila mawakili wenye uzoefu.

Majani Chai

Kwenye kifungu cha 46 tuko pamoja. Lakini basi nguvu tuzitie Bunge la Nairobi. Kwenye Owino Uhuru bado nimesimama palepale.

Mto Mara

Nami nasimama London kwa kesi za kampuni mama, na nyumbani kwa kesi za kampuni tanzu peke yake. Swali la mwisho, wakili: muda wa ukomo, yaani mwisho wa kufungua kesi, unahesabiwa kwa sheria ipi?

Wakili Pwani

Ya nchi ya tukio. Sheria ya Uingereza ya 1984 inamwelekeza jaji wa London atumie ukomo wa nchi ambayo sheria yake inatawala dai. Tanzania na Kenya madai ya uzembe ni miaka mitatu, hata kama unafungua London. Kwa mtoto, kwa kawaida muda haukimbii hadi awe mtu mzima. Jaji ana nafasi finyu ya kuuacha ukomo wa kigeni ukileta ugumu usiostahili, ila usijenge kesi juu ya hapo. Wakenya zaidi ya 40,000 walioishitaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya enzi ya Mau Mau walishindwa mwaka 2018, miaka kwa sehemu kubwa ikiwa ndiyo iliyowaangusha. Kama tukio ni la 2024, ondoa mwaka mzima wa kukusanya maelezo na sampuli, ondoa miezi sita ya kumpata wakili, uone umebakiwa na muda gani.