Ati spika "ZINAPUMUA"! Huyu fundi mnayempamba humu kanidhalilisha mbele ya mteja

Kinanda Bubu (mwanzisha uzi):
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnivumilie. Ametoka sasa hivi, hata manukato yake bado yapo chumbani.

Simtaji jina, hakuna haja. Kila aliyewahi kugusa kinanda anamjua. Yule wa "masikio yangu mimi ni ya kuzaliwa", anayevaa hedifoni shingoni hata msibani. Mlimpamba humu humu: "Mwite huyo, akigusa waya tu mlio unakimbia." Haya, nimemwita. Mlio upo. Aliyekimbia ni mteja.

Monita zangu, yaani spika za studio, zina mvumo. Mmmmmmm, asubuhi mpaka usiku, na juu yake kuna kisauti chembamba cha kuchoma ambacho ukisogeza kipanya kinapanda, ukiacha kinashuka. Nimeuzoea mpaka nikiwa bafuni najikuta nauimba.

Sasa bwana mkubwa kaingia. Begi hajafungua. Mwimbaji wangu kasimama pale na daftari lake la mashairi. Fundi akainama, akaweka kiganja juu ya spika ya kushoto kama mama anayempima mtoto homa, akafumba macho. Kimya. Sote tunasubiri. Akafumbua, akasema: "Mpya hizi. Mpya lazima zipumue."

ZIPUMUE.

Boksi la mbao na sumaku. Linapumua. Mwimbaji akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo naitwa Bwana Mapafu. Nikamuuliza fundi, zitapumua mpaka lini? Akanijibu macho makavu: "Mpaka zikuzoee." Halafu akaniambia kama nina haraka nifungue plagi nikate waya wa ethi. Akachukua hela yake, akaondoka na kalamu yangu.

Kiganja juu ya spika, jamani. Macho kafumba!

Besi Nzito:
Pole mkuu. Swali dogo: usiku zinakoroma au zinapumua tu?

Sikio la Tatu:
Wafungulie dirisha wapate hewa.

Waya Mwekundu:
Tuache utani kidogo. Chomoa kebo ya sauti nyuma ya spika, spika yenyewe iache inawaka. Mvumo ukibaki, tatizo liko kwenye spika au umeme wake. Ukipotea, unatoka nyuma huko, kwenye saundi kadi (kile kifaa kinachotoa sauti ya kompyuta kwenda kwenye spika) au kompyuta. Irudishe kebo, kisha chomoa chaja ya laptopu, ibaki kwenye betri, usikilize tena. Kile kisauti kinachofuata kipanya ni kelele za kompyuta hizo, hakina uhusiano na upya wa spika.

Kinanda Bubu:
Wewe ni ndugu yake? Nimekuja kulia, sikuja darasani. Mtu kasema ZIPUMUE mbele ya mteja wangu, wewe unaniuliza habari za chaja.

Waya Mwekundu:
Jibu swali la chaja.

Mama Mixi:
Nimesoma mpaka pale pa kukata ethi nikasimama. USIUGUSE HUO WAYA. Upo ili hitilafu ikitokea, umeme upate njia ya kwenda ardhini usipite kwenye mwili wako. Ubaya wa ushauri huo ni kwamba mvumo unaweza ukaisha kweli, ukamsifu fundi, halafu siku moja ukashika maikrofoni na bodi ya spika kwa pamoja tukaanza kuchangishana humu.

Mvumo mzito namna hiyo kwa kawaida ni umeme wa ukutani: hezi 50, au 60 kama uko upande wa Marekani, na ndugu zake wa 100 au 120 juu yake. Laptopu imepata ethi kwenye soketi hii, spika kwenye soketi ile, kebo ya sauti ikaziunganisha. Ethi inazunguka, unausikia mzunguko. Anza kwa kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja.

Kinanda Bubu:
Asante mama, angalau wewe una huruma. Lakini umeona lakini? Alifumba macho kabisa! Kama anaswali!

Sikio la Tatu:
Unatumia kebo gani? Tupia picha ya jeki, ile ncha ya kuchomeka.

Kinanda Bubu:
Kebo ni kebo.

Besi Nzito:
Ngoja. Kwenye uzi wake ule wa kuringishia meza mpya kuna picha. Nimeikuza. Jeki ina mstari mmoja tu mweusi. HIYO NI KEBO YA GITAA 😂😂😂

Waya Mwekundu:
Nilijua tu. Ya mstari mmoja ina waya mmoja na ngao yake, yaani wavu wa waya unaouzunguka, na sauti inarudi kupitia hiyo hiyo ngao, kwa hiyo uchafu wa ethi unapanda gari moja na muziki. Tafuta ya mistari miwili, TRS, au XLR, ile ya pini tatu, kama spika inaipokea. Hiyo inabeba sauti ile ile kwenye nyaya mbili, moja imepinduliwa. Kelele ikiingia inaingia kote sawasawa, spika ikitoa moja kwenye nyingine kelele inajifuta, muziki unabaki. Ila hakikisha matundu ya saundi kadi nayo ni ya aina hiyo.

Kinanda Bubu:
Ya gitaa inapitisha sauti au haipitishi? Inapitisha. Basi. Tena hata kama kebo ingekuwa kamba ya katani, fundi kazi yake si ndiyo kuiona? Alikuwa amefumba macho!!

Mama Mixi:
Hapo kasema kweli.

Sikio la Tatu:
Bwana Mapafu, umejibu la chaja?

Mzee wa Kava:
Nyie mna bahati, mvumo unapoa. Mimi huyo huyo bwana alinibandikia trei za mayai ukuta mzima, akaniapia hata bomu halitasikika ndani. Jogoo wa jirani yumo kwenye albamu yangu yote. Yote! Wimbo wa mapenzi yumo, wa maombolezo yumo.

Waya Mwekundu:
Trei zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu ndani ya chumba, basi. Kuzuia sauti isipite kunataka uzito na kuziba mianya, kuanzia chini ya mlango.

Mzee wa Kava:
Sasa hivi ndiyo unaniambia? Trei zimeshaleta mende.

Besi Nzito:
Huyo wa trei naye ana hedifoni shingoni?

Mzee wa Kava:
Anazo. Na nilipomlalamikia alisema jogoo "anaupa wimbo uhai".

Gitaa Kavu:
Na mimi navaa hedifoni shingoni, msituchafulie sote. Kuna mtu humu kaazima stendi yangu ya maikrofoni, akiona uzi wa stendi anapita kimya kimya. Leo nimekuwekea mtego kwenye uzi wa spika. Nakuona uko hewani.

Sikio la Tatu:
Stendi ilikuja imelegea hiyo.

Gitaa Kavu:
KUMBE NI WEWE.

Kinanda Bubu:
Jamani, uzi ni wangu. Turudi kwenye kupumua.

Mama Mixi:
Subiri kidogo mwanangu. Mzee wa Kava, huyo jogoo anaingia sehemu gani ya wimbo?

Mzee wa Kava:
Anapenda pale ala zinaponyamaza kabla ya kiitikio. Nikirudia anarudia. Mwimbaji akikosea, yeye hakosei.

Besi Nzito:
Anashika noti?

Mzee wa Kava:
Anashika vizuri kuliko aliyenilipa.

Besi Nzito:
Nikatie kipande chake peke yake unitumie. WAV tafadhali, usiniletee MP3.

Gitaa Kavu:
Stendi yangu ije leo leo, na skrubu zake zote.