ST1100 ya 1996 inatikisa usukani nikiachia mafuta, nianzie wapi?

Msafiri_Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina Honda ST1100 ya 1996, ile ya safari yenye injini ya V4 na shafti badala ya cheni. Niliinunua mwaka jana kwa jamaa aliyekuwa anahama. Injini haina neno, inalia kama cherehani. Tatizo ni kutulia barabarani.

Nikitoka Kimara kwenda Kibaha, nikiachia mafuta ipungue yenyewe kutoka 80, ikifika kati ya 70 na 60 usukani unaanza kutetemeka kushoto kulia. Nikishika kwa mikono miwili inajificha. Nikiachia mkono mmoja nifute kioo cha helmeti, inatikisa kichwa kama mbuzi anayekataa kamba.

La pili: nikifunga masanduku yote matatu na kumpakia mama watoto, nikipita 110 mkia unaogelea. Jumamosi, mbele kidogo ya mizani ya Vigwaza, lori lililokuwa linakuja Dar lilitupiga na upepo wake, pikipiki ikayumba mara tatu nne kabla ya kutulia. Mke akanigonga begani akauliza kama nimesinzia. Sasa anasema Iringa atakwenda na basi.

Fundi wangu wa mtaani, mzuri sana kwa boda, kasema "hizi kubwa ndivyo zilivyo". Mwingine ananiuzia dampa ya usukani, kile kifaa cha kuzuia usukani usitikisike, laki nne. Ninunue?

Kijana_Mwenge
Mkuu legeza zile klampu za foki (miguu ya mbele), pandisha foki juu sentimita moja hivi, mbele ishuke. Mimi nilifanya kwenye yangu, kona inaingia yenyewe.

Mzee_wa_Gololi
Kijana, umempa dawa ya kuharisha mtu ambaye tayari anahara. Ukishusha mbele, foki inasimama wima zaidi na usukani unakuwa mwepesi. Mwenzio analalamika ni mwepesi mno.

Wewe wa Tabata, laki nne yako ifunge kwenye leso kwanza. Dampa inaficha ugonjwa, haiutibu. Na hayo ni magonjwa mawili, usiyachanganye. Kutikisa kichwa kwenye 60 mara nyingi ni beringi za shingo ya usukani au tairi la mbele. Kuogelea kwenye 110 ni nyuma: mzigo, springi, upepo wa tairi, beringi za ule mkono unaobeba gurudumu.

Weka stendi ya kati, mtu akalie nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke. Piga magoti, shika foki chini kabisa, vuta na sukuma. Ukisikia "tok", imelegea. Kisha zungusha usukani polepole sana kwa kidole kimoja. Ukifika katikati ukahisi kama umedumbukia kwenye kishimo, basi vikombe, zile pete za chuma ambamo gololi zinatembea, vimechimbika. Honda hii ilitoka na beringi za gololi. Miaka yote inakwenda moja kwa moja, gololi zinagonga palepale zinaacha alama. Hapo hata ukikaza haiponi.

Halafu pitisha kiganja kwenye tairi la mbele. Kama lina mabonde mabonde, nalo ni mshitakiwa. Soma na zile tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT ubavuni, ndizo tarehe ya kutengenezwa kwa tairi, utwambie. Unajaza upepo kiasi gani?

Msafiri_Tabata
Shikamoo mzee. Upepo najaza kwa kijana wa kona, anaweka 28 mbele na nyuma. DOT ya mbele ni 3114. Kishimo KIPO. Nilifumba macho nikazungusha, kidole kikajua chenyewe.

Mzee_wa_Gololi
Marahaba. 3114 ni wiki ya 31 ya mwaka 2014. Hilo tairi hata kama lina meno, mpira wake umeshakuwa kama soli ya kiatu cha mgambo. Na 28 ni ya pikipiki ya kubeba mkaa. Hii yako inapita kilo 300 kabla hujakalia: mbele 36, nyuma 42, na upime asubuhi tairi likiwa baridi.

Beringi nenda maduka ya vipuri ya Gerezani na za zamani mkononi, wapime kipenyo cha ndani, cha nje na kimo. Omba za rola, zile zilizochongoka kama koni, usirudie gololi. Kikombe kipya kilaze usiku kwenye friza kabla ya kukigonga, kinasinyaa kidogo kinaingia bila vita. Kigongee kwa kikombe cha zamani. Jaza grisi. Kaza, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa, legeza, kaza tena kidogo. Ukiusukuma kutoka katikati uanguke wenyewe bila kugoma. Baada ya kilomita 1,000 rudia, maana vikombe vinakaa.

Nyuma: kaza springi ukiwa na abiria, na vitu vizito vitoe kwenye sanduku la juu uviweke kwenye ya pembeni, chini. Umeweka nini humo juu?

Msafiri_Tabata
Mzee... jeki, spana, na dumu la maji la lita 5.

Mzee_wa_Gololi
Hahaha. Halafu unamlaumu Honda.

Msafiri_Tabata
Mrejesho, wiki tatu baadaye. Beringi za rola nimepata duka la tatu. Kikombe kililala friza pembeni ya samaki changu, mama watoto hakufurahi. Kile cha zamani cha chini kilikuwa na mstari wa vidoti ukiangalia kwa tochi, kila gololi na kaburi lake. Tairi jipya mbele, la nyuma bado, fedha imekata. Upepo 36 na 42, dumu limehamia pembeni.

Jana nimekwenda Chalinze na kurudi. Kutoka 80 hadi 40 mkono mmoja, kimya. Nikiwa peke yangu 120 imenyooka. Tukiwa wawili na masanduku bado kuna mchezo kidogo kwenye 125, nadhani shokapu ya nyuma imechoka. Kwa sasa 100 inanitosha.

Mzee_wa_Gololi
Kabla hujalaumu shokapu, ondoa lile tairi la nyuma lililolika bapa katikati.

Kijana_Mwenge
Mzee shikamoo. Jana usiku nimeinua ya kwangu. Inadumbukia katikati. Gereji yako iko upande gani?