MREJESHO: Wale wakopeshaji wa mtandaoni wasio na leseni

Wakuu habari zenu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona, niliuliza nifanyeje na ile apu ya mkopo wa kusubiria mshahara iliyokuwa inanikata kwenye akaunti kila wiki, deni halipungui, na nikilalamika wanawatumia ndugu zangu meseji kwamba mimi ni tapeli.

Yule aliyesema niangalie orodha ya wakopeshaji waliosajiliwa kwa mdhibiti, yaani mamlaka inayosimamia wakopeshaji, ubarikiwe sana, jina la hao wenye apu halimo kabisa. Hapo ndo nikapata nguvu. Nikaenda benki na barua nikafuta ruhusa ya wao kukata hela, maana kuwaambia wenyewe waache haikusaidia kitu, na wiki hiyo hawakukata. Ila hela za nyuma benki wamerudisha makato ya mwisho tu, mengine wanasema muda wa kulalamika umepita, iliniuma kwa kweli.

Kuifungia apu isione kontakti za kwenye simu yangu nilichelewa, walishazikopi zamani. Kilichosaidia ni kuwatumia watu wangu meseji mapema kuwaeleza ukweli, mama alilia lakini alinielewa. Skrinishoti zote nilizitunza kabla ya kufuta apu, nikapeleka malalamiko kwa mdhibiti na polisi, wamepokea, majibu bado. Simu za vitisho zimepungua, hazijaisha.

Mliosema nisikope kwingine kulipa hawa, nimewasikiliza. Asanteni mno, mdhibiti akijibu nitarudi kuwaambia.